Anayekujua Nani?

Mshamu alicheka kwanza, ndipo akamvua Nassibu kofia. Hilo nina hakika nalo. Mengine yote ya asubuhi ile nimeyageuza kichwani kwa miaka hamsini na sita, nikayapanga hivi, nikayapangua, nikayapanga vile, na bado yananigomea. Lakini kicheko kilitangulia. Alicheka, akanyoosha mkono, akaichopoa ile kofia ya ukindu kichwani mwa mwenzake, akabaki ameishika kifuani mbele ya mstari mzima wa watu wenye njaa. Kisha akasema aliyoyasema, na shaushi wa askari akanigeukia mimi.

Nisingeyafukua haya kama si mjukuu wangu Kudra. Mwaka huu Rufiji imemeza mashamba ya Chumbi, imemeza na nyumba, na watu wamepanda huku Kibiti na magodoro vichwani. Kudra ni binti wa serikali mpya. Amesomea ustawi wa jamii Dar es Salaam, ana baiskeli na jalada lililojaa fomu, na yeye ndiye anayeandika nani apewe unga na nani apelekwe wapi. Juzi mchana alirudi nyumbani, akaegemeza baiskeli ukutani, akaketi kula kwa hasira.

"Babu, yule bibi kipofu anayekaa kwa Abdulla wa Mshamu hana mtu," akasema. "Jumamosi lori litamchukua. Atapelekwa mjini kwenye nyumba ya wazee wasiojiweza."

"Hana mtu? Nani kasema?"

"Abdulla mwenyewe. Nimemuuliza, huyu bibi ni nani yako? Kanijibu, mie simjui, huyu mwizi wa mlimani, kaja kutumalizia wali, mchukueni hata leo. Tena anacheka! Mtu mwenye roho mbaya kama yule sijapata kuona."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, nikakiweka chini. "Na wewe ukaandikaje?"

"Pale penye ndugu wa karibu nimeandika, hana."

Sasa mtu asinicheke. Huyu Kudra, mbele ya wageni, huniita mume wake mzee. Kila sikukuu hunidai kanga, nisipompa hunitishia talaka, na mimi humwambia aondoke tu, nitaoa mwingine mwenye meno mazuri. Utani wa babu na mjukuu ameunyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Lakini akivaa vile viatu vya kazi, yote hayo huyaacha nyumbani, chini ya kitanda. Nilitaka kumkaripia. Nikashindwa, maana mimi nilipokuwa na umri wake niliyaacha mahali pabaya zaidi.

"Kaa kitako, mke wangu," nikamwambia. "Unga utasubiri."

*

Kwetu hasa ni deltani, kwenye mji wa zamani wa biashara uliozungukwa na mikoko. Baba yangu alikuwa na mashua mbili za kuchukulia boriti na mchele, na mimi nilijua kuandika kwa herufi za Kiarabu. Kwa sababu hizo mbili tu nikajikuta karani wa njaa nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetupitia mwaka mmoja nyuma. Watu wa milima ya Matumbi waling'oa pamba ya serikali, wakanywa maji ya dawa ambayo walisema yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, wakateremka mpaka bondeni. Wengine huku bondeni waliwafuata, wengine walikimbia, wengine walikaa ndani wakingoja kuona. Baadaye askari wakapanda mlimani na viberiti. Walichoma maghala, wakachoma na mashamba, mpaka kule juu hapakuwa tena na kitu cha kutia chunguni. Ndipo watu wa mlimani wakaanza kushuka kwa mara ya pili, safari hii bila silaha, wakivuka mto na watoto mgongoni.

Serikali iliwakusanya hapa Kibiti. Mchele ulipanda mto kwa mashua za baba, ukachukuliwa na wapagazi mpaka kwenye banda la makuti lililokuwa pale penye duka la baiskeli leo. Mimi nilikaa mbele ya banda na daftari na kibaba cha kupimia. Sheria ilikuwa fupi. Anayeshuka atapewa mchele iwapo kuna mwenyeji asiye muasi atakayesimama na kusema, namjua huyu. Asipopatikana wa kusimama kwa siku tatu, shaushi anamchukua kwenda bomani. Mwanamume ataulizwa alikuwa wapi wakati wa vita, na mwanamke atabebeshwa mizigo ya askari.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa swali moja. Anayekujua nani? Niliuliza hivyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na majibu yalinitoa jasho. Mtu alisema huyu ni baba yangu, kumbe ni mume wa shangazi ya mkewe. Mwingine alisema huyu ni mjomba, na huyo mjomba ndiye mdogo kwa miaka kumi. Mama mmoja alisimamiwa na watu saba, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza undugu wao ukaingia kwenye mstari mmoja wa daftari. Niliwaandika wote ndugu, nikamwachia Mungu.

Shaushi alisimama nyuma yangu. Alikuwa mkubwa wa askari wale, mtu wa Sudani, mrefu, mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Sitamsingizia, hakuwa mkatili kuliko wenzake. Alishika neno kama lilivyosemwa, basi. Karani aliyenitangulia alimwandikia mchele mtu mmoja kwa huruma tu, bila wa kumjua, na yule mtu akaja kutambuliwa kuwa alikuwa mpiganaji. Karani yule alichapwa viboko ishirini na tano mbele ya banda lile lile, na nilipofika bado alikuwa akilala kifudifudi. Nilipewa kalamu yake.

*

Nilipanga kwa Mshamu. Alikuwa mkulima wa mpunga wa Chumbi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpana wa mabega, aliyehamia Kibiti baada ya nyumba yake kuchomwa. Mdogo wake, Khamisi, aliuawa vitani. Khamisi alikuwa juu ya dungu lake akilinda mpunga usiliwe na nguruwe, watu wa mlimani wakapita, wakadhani ni mlinzi wa serikali, wakampiga mkuki palepale alipolala. Mshamu alinisimulia hayo akisuka ukili, na hakuinua macho.

"Nikimpata mtu wa mlimani," akasema, "namnyonga kwa mikono yangu hii."

Nilimwamini. Ungekuwapo nawe ungemwamini.

Siku chache baadaye, kwenye mkeka ule ule, alianza kunisimulia habari za mtu wa mlimani aliyeitwa Nassibu. Babu yake Mshamu na babu yake Nassibu walikuwa wakibadilishana chumvi na tumbaku, na tangu hapo nyumba hizi mbili zikawa watani. Nassibu akishuka Chumbi, haombi, anaingia tu, anakamata kuku anayemtaka, na mwenye kuku haruhusiwi hata kununa. Mshamu akipanda mlimani hujibebea tumbaku mpaka akinai. Matusi waliyoambiana yangewavunja watu wengine ndoa. Na mama yake Mshamu alipofariki, Nassibu alitembea siku mbili kuja kumzika, maana kazi hiyo ni ya mtani. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa akajilaza ndani, akafumba macho, akasema hatoki ng'o mpaka apewe jogoo.

"Tumelia, tumecheka, tukampa jogoo," Mshamu akasema, na uso wake wote ulikuwa umefunguka. "Mwizi yule! Nikimpata namnyonga kwa mikono yangu hii."

Unaona nilivyowekwa? Maneno ni yale yale, kinywa ni kile kile, na mimi ndiye niliyekaa pale kuyasikia mara mbili.

*

Nassibu alifika Kibiti na mkewe Johari na binti yao Mwanamize, mtoto wa miaka mitano hivi, tumbo limevimba na miguu myembamba ya kuogopesha. Nilimuuliza swali langu. Akasimama wima, akajibu kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, "Mshamu wa Chumbi."

Moyo wangu ulipoa. Nilimwambia Mshamu amekwenda Chumbi kutazama shamba, atarudi kesho, angoje. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nilikuwa nikiwaletea ukoko kutoka jikoni kwa Mshamu, nimeufunga kwenye jani la mgomba. Nassibu aliupokea, akampa mtoto, na kilichobaki akampa mkewe. Yeye alifunga mkanda wa kikoi chake zaidi, akaniambia mtani wake akija atamla yeye mzimamzima pamoja na kuku wake. Johari alimcheka. Alikuwa na pengo la mbele, na alikuwa na haya nalo, alicheka amefunika mdomo.

Siku ya tatu, asubuhi, Mshamu akatokea kwenye njia ya kusini. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Alikuwa amekwenda kulibomoa dungu la Khamisi, akakuta chini yake vitu ambavyo hakutaka kunieleza, akavizika. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba amefika, na siku haijaisha, na nikampungia mkono kwa furaha.

"Mshamu! Njoo, kuna mtu wako hapa!"

Akaja. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya Nassibu, akamtazama toka nyayo mpaka utosi, na Nassibu naye akamtazama, ameshajiandaa kwa kicheko pembeni mwa mdomo. Ndipo Mshamu akacheka. Akaichopoa ile kofia.

"Huyu?" akasema kwa kinywa kipana. "Mie simjui huyu! Shaushi, huyu ndiye aliyekuwa akigawa maji kule mlimani! Ndiye huyu! Mfungeni kamba, mkamning'inize!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Siku nyingi sana hawakuwa wamecheka, wengine walikohoa. Nassibu alicheka kuliko wote, akampiga Mshamu kofi la bega. "Mnafiki mkubwa! Mamako nimemzika mimi, nimelala kaburini mwake, leo hunijui?"

Shaushi hakucheka. Alikuwa amesikia neno maji, amesikia na kugawa. Aliwatazama wale wawili, akaona mmoja ameshika kofia ya mwenzake na mwenzake amempiga. Akainamisha kichwa kunitazama.

"Karani. Maneno hii, kweli?"

Kudra, hapo ndipo. Nilijua ni watani. Nilikuwa na hadithi yote kifuani, na chumvi, na tumbaku, na jogoo. Nilikuwa pia na Khamisi juu ya dungu. Nilimtazama Mshamu anisaidie, nione amemaanisha nini, na uso wake ulikuwa bado unacheka lakini macho yake yalikuwa mekundu, na nikashindwa kabisa kuusoma. Nyuma yangu nilisikia yule karani wa zamani akijigeuza kwenye jamvi lake.

"Sijui, bwana shaushi," nikasema.

Askari wawili wakamshika Nassibu mikono. Alidhani nao wameingia kwenye mchezo, alicheka hatua tatu au nne nzima. Kisha nikaona bega lake likishtuka.

Na Mshamu? Hapa ndipo ninapopotea kila mara. Alinyamaza. Baadaye akaruka, akakimbia barabarani akipiga mayowe, mtani wangu huyo, mwacheni, mtani wangu, mpaka askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki akaanguka. Lakini kabla ya kuruka alinyamaza. Kwa muda gani? Kuna siku nakumbuka ni muda wa kumeza mate tu, mtu ameduwaa, hajaamini. Kuna siku nakumbuka ni muda mrefu, wa kutosha mtu kumzika mdogo wake mara ya pili. Sijui. Johari alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, amembeba mtoto, na yeye aliuona ukimya ule kwa karibu kuliko mimi.

"Mmeshasema," shaushi alimwambia Mshamu. "Wewe hajui. Karani hajui. Basi."

*

Mchana ule ule Mshamu alinijia na karatasi. Alitaka nimwandikie bwana mkubwa wa bomani kwamba Nassibu ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Si kweli," nikasema. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

"Andika!" akasema. "Mzungu atajua mtani ni nini? Andika tumbo moja!"

Nikaandika. Herufi zikatoka vibaya. Akaikunja barua ndani ya kofia ya Nassibu, akaondoka mbio, na ni mwendo wa siku mbili.

Alirudi siku ya tano. Aliketi kwenye mkeka, akanywa maji kata nzima, akavuta pumzi.

"Nimemzika," akasema. "Wamenipa mwili. Nimeuosha mwenyewe."

Nilimpa pole.

"Nimechimba, nimejilaza ndani kama ilivyo ada," akasema tena. "Nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo. Nikangoja. Hakukuwa na mtu wa kunipa, Tamimu. Kaja askari kanipiga teke, ndipo nikatoka."

Nilitaka kumuuliza. Swali lilikuwa mdomoni kabisa, siku ile ulikuwa unatania au ulikuwa hutanii? Lakini ningemuuliza, naye angeniuliza langu. Adhana ya alasiri ikalia, tukainuka kutawadha.

Johari alikuwa bado pale bandani. Shaushi alikuwa ameondoka na wafungwa, hivyo siku zake tatu zilisimama mpaka arudi, na mimi niliendelea kuiba ukoko. Shaushi akarudi jioni ile. Kesho yake asubuhi alimwashiria Johari kwa fimbo, asogee mbele. Mtoto alikuwa hatembei tena, amelala begani kwa mama yake amefumbua macho.

"Anayekujua nani?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Kabla hajajibu Mshamu alikuwa amekwisha kusimama. Safari hii hakucheka, hakugusa kitu. "Namjua mimi," akasema polepole, neno moja moja, ili shaushi asikose hata moja. "Ni Johari. Mke wa marehemu Nassibu. Nyumba yao na nyumba yetu ni moja. Atakaa kwangu."

Johari akainua uso. Alimtazama Mshamu kwa utulivu, na alipozungumza hakufunika pengo lake.

"Mie simjui mtu huyu," akasema. "Sijapata kumwona."

Mzee mmoja mwishoni mwa mstari alijaribu kucheka, akaacha katikati. Mshamu alibaki amesimama mikono imening'inia. Na mimi nikasikia shaushi akiinama nyuma ya bega langu.

"Karani. Kweli?"

"Wanataniana, bwana shaushi!" Nilipayuka hata kabla hajamaliza. "Hawa ni watani. Kwa desturi yetu watani hukanana hivi hivi, hutukanana, na wakifiwa huzikana. Huyu mwanamke anamtania tu. Wanajuana sana!" Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, nikawatazama watu, nikiwaomba kwa macho, nao wakanielewa, wakacheka pamoja nami kama watu walioamriwa.

Shaushi alifikiri. Kisha akanyanyua mabega, akageuka.

Nikajaza kibaba, nikakimimina kwenye kanga ya Johari, nikajaza cha pili cha mtoto. Alinitazama muda wote nilipokuwa nikimimina. Alifunga fundo, akainuka, akamfuata Mshamu kwa umbali wa hatua kumi.

*

Johari aliishi kwenye kiwanja cha Mshamu miaka kumi, mpaka alipokufa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Alijengewa kibanda chake, akawa na mafiga yake, na hakula chungu kimoja na watu wa nyumba kubwa. Kila mavuno Mshamu alimpelekea mpunga wa kwanza mlangoni. Mara nyingi nilipopita nilimkuta Johari ameketi kizingitini, anamtazama Mshamu akilima au akichonga mpini, anamtazama tu. Nilidhani ni upweke. Mwanamize alikua na watoto wa nyumba ile, na Abdulla alipozaliwa yeye ndiye aliyemlea mgongoni. Aliolewa, akafiwa na mume, macho yakafa, akarudi kwa Abdulla.

"Basi ndivyo, mke wangu," nilimwambia Kudra. "Nilimpoteza mmoja kwa kusema sijui. Wawili niliwaokoa kwa kujua."

Nilikuwa na fahari, nakiri. Fahari hiyo nimeitembelea kama mkongojo.

Kudra alikuwa ameacha kula zamani. Akauliza, "Kwa hiyo Abdulla alikuwa ananitania?"

"Twende tukaone."

Jana asubuhi tukaenda, yeye akisukuma baiskeli ili asiniache nyuma. Abdulla alikuwa na nyumba ya muda nyuma ya soko, makuti na mabati ya kuazima. Mwanamize alikuwa amekaa kwenye mkeka nje, anachambua kunde kwa ncha za vidole, na kofia ya Abdulla ilikuwa chini ya paja lake, ameikalia.

"Karibu, mzee Tamimu!" Abdulla akaita toka jikoni. "Mmekuja kumchukua mwizi wangu? Mchukueni, na kofia yangu mwambieni anipe!"

Kudra alichuchumaa mbele ya Mwanamize, akamshika mkono. "Shikamoo, bibi. Huyu Abdulla ni nani yako?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu?" Bibi alicheka na ufizi wote. "Simjui. Nimemkuta hapahapa, analala kwenye nyumba yangu."

Kudra alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua jalada, akaitafuta ile fomu, akalikata lile neno kwa mistari miwili. Akatafuta mahali pa kuandika lingine, na nafasi ilikuwa finyu. Akaingia jikoni kumuuliza Abdulla jina lake kamili na la baba yake.

Nilibaki na Mwanamize. Furaha ilinijaa, nikawa mropokaji.

"Hivi hivi," nikamwambia, "hivi hivi ndivyo mama yako alivyomtania Mshamu siku ile bandani. Simjui mtu huyu! Nami nikamwambia shaushi, ni watani hawa."

Vidole vyake vikasimama kwenye kunde.

"Mama hakutania siku ile, mzee Tamimu."

"Alitania, mwanangu. Wewe ulikuwa mdogo."

"Kaniambia mwenyewe alipokuwa anakufa. Kasema aliona Mshamu alivyonyamaza. Hakujua alinyamazia nini. Akaona bora mizigo ya askari kuliko wali wake." Alisema bila uchungu, kama anayenieleza njia. "Kasema wewe ndiye uliyecheka."

Nilitafuta pa kushika, nikashika fimbo yangu.

"Mbona hakusema?" nikamuuliza. "Nilipokuwa napima mchele, alinitazama muda wote. Mbona alinyamaza?"

Mwanamize alirudia kunde zake. Alitupa moja mbovu, akaweka mbili nzima kwenye ungo.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

Abdulla akatoka na sinia la wali, Kudra nyuma yake na jalada wazi. Abdulla akaliweka sinia mbele ya Mwanamize kwanza, akamshika mkono akauelekeza penye mboga, huku akimwambia ale apasuke, mlafi wa mlimani, wamzike wapumzike. Mwanamize akamwambia atamzika yeye kwanza. Kudra alinigeukia, kalamu imeinuliwa.

"Babu, niandike nini hapa?"

Nikamwambia amuulize Mwanamize mwenyewe, lakini amwache kwanza ale.